Taa ya Rangi ya Chungwa: Namna ya Kutunza Kasha la Diski Lenye Kumbukumbu za Parokia



Leo tunawaletea somo ambalo kwa mtazamo wa kwanza ni la mafundi: namna ya kuangalia na kutunza makasha ya diski za seva. Tunalileta hapa kwa sababu linagusa kitu ambacho kila Mkatoliki anacho, yaani jina lake katika daftari la ubatizo.

Kanuni namba 535 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inaagiza kila parokia iwe na madaftari ya ubatizo, ya ndoa na ya marehemu, na inamtaka paroko ahakikishe yanaandikwa kwa usahihi na kutunzwa vizuri. Daftari la ubatizo haliishii siku ya maji. Pembeni ya jina huongezwa kipaimara, ndoa, daraja takatifu na nadhiri za daima. Ndiyo maana anayetaka kufunga ndoa Dar es Salaam, hata kama ameondoka nyumbani miaka ishirini iliyopita, anaambiwa alete cheti cha ubatizo kutoka Kiomboi, Manyoni au Ikungi alikobatizwa. Hata sisi waseminari, Mungu akitujalia kufika mwisho wa safari hii, taarifa ya upadrisho wetu itarudishwa kwenye parokia tulikobatizwa ili iandikwe humo.

Jimbo la Singida liliundwa mwaka 1972, lakini baadhi ya misheni zake ni za zamani kuliko jimbo lenyewe. Madaftari ya zamani yana maadui wanaojulikana: mchwa, panya, paa linalovuja na wino unaofifia. Kwa hiyo ni jambo jema kuyapiga picha au kuyapitisha kwenye skana na kuhifadhi picha hizo katika kompyuta. Daftari la karatasi linabaki mahali pake. Picha ni nakala ya kulisaidia. Swali ni hili: picha hizo zinakaa wapi, na nani anajua kama ziko salama?

Kasha la diski ni nini?

Taasisi yenye taarifa nyingi haitegemei diski moja. Hununua kasha la chuma lenye nafasi kadhaa, na kila nafasi huingia trei moja yenye diski moja. Makasha madogo ya ofisi huchukua diski mbili au nne na hukaa juu ya meza. Makubwa huchukua kumi na mbili, ishirini na nne au zaidi, na hufungwa kwenye fremu pamoja na seva.

Ndani ya kasha kuna feni za kupoza na vihisi vya kupima joto. Makasha makubwa huwa na pawa saplai mbili, ili moja ikiungua nyingine iendelee kubeba mzigo. Mbele ya kila trei kuna taa ndogo. Kwa kawaida rangi ya kijani huonyesha kwamba mambo ni mazuri, na rangi ya chungwa au nyekundu kwamba diski ina tatizo. Makasha mengi yana pia taa ya kutambulisha, mara nyingi ya bluu. Fundi huiwasha kwa amri kutoka kwenye seva ili ajue diski anayoitafuta iko kwenye trei ipi. Makasha makubwa huongea na seva kwa utaratibu maalumu uitwao SES, na kupitia huo seva huuliza: feni zinazunguka? joto ni kiasi gani? pawa saplai zote mbili zipo?

Diski moja ikifa, kazi inaendelea

Mwaka 1988 wataalamu watatu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, yaani David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz, walichapisha andiko lililoupa jina mpango wa RAID. Wazo lake ni kutumia diski nyingi za bei nafuu kwa pamoja, na kuongeza taarifa za ziada ili diski moja ikifa taarifa zake zisipotee.

Tuchukue mfano rahisi. Diski ya kwanza ina namba 3, ya pili 5, ya tatu 2. Ya nne tunaiandikia jumla, yaani 10. Diski ya pili ikifa, tunachukua 10, tunatoa 3 na 2, tunapata 5 iliyopotea. Hesabu halisi ya kompyuta ni ya aina nyingine, na ile “jumla” hugawanywa kwenye diski zote badala ya kukaa kwenye moja, lakini mantiki ni hiyo. Huo ndio mpango wa RAID 5. Diski nne za terabaiti 4 kila moja hutoa nafasi ya terabaiti 12 badala ya 16, kwa sababu sehemu ya diski moja imetumika kama bima. RAID 6 huweka bima mara mbili: diski hizohizo hutoa terabaiti 8, lakini mbili zinaweza kufa bila taarifa kupotea.

Hatari ya kimya

Hapa ndipo penye kiini cha makala yetu. Kasha lililopangwa vizuri, diski moja ikifa, halisimami. Karani anafungua faili kama jana, picha za madaftari zinaonekana, vyeti vinachapishwa. Kitu pekee kilichobadilika ni taa moja iliyogeuka rangi ya chungwa, pengine ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli. Kwenye RAID 5, kuanzia dakika hiyo bima imekwisha. Diski ya pili ikifa, hesabu yetu ya 3, 5 na 2 haifanyiki tena, na taarifa zote zinaondoka.

Na diski ya pili haiko mbali sana. Mara nyingi diski za kasha moja zilinunuliwa siku moja, zimefanya kazi saa zilezile na kuvumilia joto lilelile. Zaidi ya hayo, diski mpya ikiwekwa, zilizobaki hulazimika kusomwa mwanzo hadi mwisho ili kuijaza, kazi ya saa nyingi na wakati mwingine zaidi ya siku nzima. Ile iliyokuwa dhaifu inaweza kuangukia hapohapo.

Kwa hiyo uwezo wa kasha kuvumilia ni zawadi na pia ni mtego. Linampa mtunzaji muda wa kutengeneza. Kama hakuna anayetazama, muda huo unapita bure, na siku ya maafa watu husema seva imekufa ghafla. Kumbe iliumwa miezi mitatu.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, taa. Kila siku ya kazi mtu mmoja aingie chumbani, atazame mbele ya kasha, asikilize kama kuna mlio usio wa kawaida, kisha aandike kwenye daftari: tarehe, saa, hali, saini. Ni kazi ya dakika mbili.

Pili, joto na vumbi. Watengenezaji wengi wa diski za kuzunguka huweka kikomo cha juu cha nyuzijoto 60. Ni busara kuzibakiza chini ya 45. Kiangazi cha Singida kinakuja na ukavu na upepo wenye vumbi, na vumbi hilo huziba vichujio na kuchosha feni. Kasha lisiwekwe chini ya dirisha linaloelekea barabara ya vumbi, wala juu ya kabati karibu na bati. Trei isiyo na diski isiachwe wazi. Kifuniko chake husaidia hewa ipite inapotakiwa kupita.

Tatu, umeme. Kukatika kwa ghafla wakati diski inaandika huharibu taarifa. Kasha liwe na UPS, na seva ipangwe ijizime yenyewe kabla betri haijaisha. Betri za UPS huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo nazo zipimwe.

Nne, afya ya diski. Diski za kisasa hujitolea ripoti kwa mfumo uitwao SMART: saa zilizofanya kazi, joto, na sehemu zilizoharibika na kuhamishwa. Programu ya bure ya smartctl husoma ripoti hiyo. Idadi ya sehemu zilizohamishwa ikianza kupanda, andaa diski ya kubadilisha. Hata hivyo ripoti njema si ahadi. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya laki moja: zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne zilizo kubwa.

Tano, seva ipangwe itume ujumbe kwa barua pepe au simu jambo likiharibika, na ujumbe uende kwa watu wawili, kwa sababu mmoja anaweza kuwa likizo au amehamishwa. Ujumbe wa majaribio utumwe kila mwezi.

Kubadilisha diski bila kuua kasha

Kosa linalouma kuliko yote ni kuchomoa diski nzima na kuiacha iliyokufa. Kwa hiyo: pata namba ya utambulisho ya diski mbovu kutoka kwenye seva, washa taa ya kutambulisha, linganisha namba hiyo na orodha uliyoiandika siku kasha lilipofungwa, halafu ndipo uchomoe. Weka diski mpya yenye ukubwa sawa au zaidi. Subiri ujazaji umalizike na uandike saa ulipomalizika. Diski ya akiba iwepo kabatini tayari, kama mafuta ya wale wanawali watano wenye busara. Kutafuta duka baada ya taa kuzimika ni kuchelewa.

Diski iliyotolewa isitupwe jalalani wala kuuzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu ikiwa na majina ya watu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na taarifa za dini ya mtu ni jambo nyeti. Ifutwe kabisa au iharibiwe.

RAID si nakala ya akiba

Mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, RAID hulifuta kwa uaminifu kwenye diski zote. Moto au mwizi hauchagui trei. Tarehe 10 Machi 2021 moto uliteketeza jengo la seva la kampuni ya OVHcloud huko Strasbourg, Ufaransa, na baadhi ya wateja walipoteza taarifa zao moja kwa moja. Ushauri wa siku nyingi ni kuwa na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine.

Kanisa si geni katika wazo hili. Kanuni namba 491 inataka orodha za nyaraka za makanisa zitengenezwe mara mbili, moja ibaki katika kanisa husika na nyingine iende kwenye hifadhi ya jimbo. Parokia inaweza kufanya vivyo hivyo kwa picha za madaftari: moja kwenye kasha la ofisini, moja kwenye diski ya nje iliyofungwa kwa nenosiri na kutunzwa jimboni. Na mara mbili kwa mwaka mtu achukue nakala hiyo, afungue kurasa chache na kuzilinganisha na daftari la karatasi. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa ni tumaini tu.

Nani anatazama?

Katika masomo yetu ya maadili tunajifunza kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino anaitaja busara kuwa na sehemu kadhaa, miongoni mwake kumbukumbu, kuona mbele na tahadhari. Kasha la diski linaweza kutunza kumbukumbu. Kuona mbele na kuchukua tahadhari ni kazi ya mtu, na mtu huyo lazima awe na jina. Kazi iliyoachiwa “ofisi” haina mwenyewe.

Tunapendekeza basi kwa halmashauri za walei na maparoko wetu jambo moja kabla ya kununua kifaa chochote: mteueni anayetazama taa na msaidizi wake, wapeni ufunguo wa chumba, daftari la kuandikia, na fedha ya diski moja ya akiba kwenye bajeti ya mwaka. Kijana wa parokia aliyesoma kompyuta anaweza kuifanya kazi hii vizuri, na ni utume wa kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ila ukuta wa majina ya waliobatizwa miaka sitini iliyopita hakuna fundi wa kuujenga upya, kwa sababu mapadre waliowabatiza na wasimamizi waliosimama nao wengi wameshatangulia mbele za haki.