Wazee wanaolifuata jua wana la kutufunza

Kuna kauli ambayo sisi Wakenya huitoa bila ya kuitafakari, nayo ni kwamba Mzungu akizeeka hutupwa. Twasema watoto wake humsahau, majirani hawamjui, na hatimaye hufa peke yake katika nyumba iliyofungwa. Sisi, twajigamba, huwatunza wazee wetu. Mimi nami nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiitoa kauli hii, tena kwa sauti ya juu, hadi mwaka 2018 niliposafiri zaidi ya kilomita 2,000 ndani ya gari la mume na mke waliokwisha kustaafu.

Mwaka huo nilikuwa nimealikwa kufanya utafiti wa muda mfupi katika Chuo Kikuu cha Bayreuth, kusini mwa Ujerumani, ambako wapenzi wa Kiswahili hukutana kila mwaka katika kongamano lao. Nilipanga chumba katika nyumba ya wazee hao. Mume alikuwa fundi wa mitambo na mkewe muuguzi. Ilipoingia Oktoba wakaniarifu kwamba wangefunga nyumba kwa miezi mitano, kama walivyofanya kila mwaka tangu wastaafu, na kuelekea kusini kulitafuta jua. Ikiwa nilitaka kuiona Ulaya, nafasi ya tatu ilikuwapo. Tembea uone, walisema wahenga. Nikakubali.

Naomba msomaji anivumilie kidogo, maana mwalimu wa lugha hawezi kulipita neno bila ya kulipa salamu. Wanafunzi wangu hunisumbua wakitaka jina la Kiswahili la majira ambayo Wajerumani huyaita Herbst, yaani kipindi cha majani kupukutika. Wafasiri wengi huandika ‘vuli’. Lakini vuli ya kwetu ni mvua fupi za kati ya Oktoba na Desemba, mvua zinazochipuza majani badala ya kuyaangusha! Vivyo hivyo, ‘kipupwe’ tunachokiazima kuelezea kipindi cha theluji ni ile baridi yetu ya Juni hadi Agosti, ambayo Mjerumani angeivalia shati jepesi. Maneno tumeyatwaa, ila baridi yenyewe hatujaijua. Nilipofika Bayreuth ndipo nilipong'amua kwamba adui wa mzee wa huko si baridi peke yake, bali ni giza. Ifikapo Desemba jua huchomoza saa mbili asubuhi na kutua kabla ya saa kumi na nusu alasiri, na kati ya nyakati hizo aghalabu hufichwa na wingu la kijivu. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake walieleza kitaalamu ugonjwa wa huzuni unaowarudia watu kila mwanga unapopungua. Mama mwenye nyumba hakuhitaji daktari amweleze. “Mume wangu,” aliniambia, “hunyauka kama ua la dirishani.”

Na mumewe alikuwa na sababu nyingine ya kunyauka. Miaka michache kabla ya hapo alipatikana na ugonjwa wa Parkinson. Mikono ilimtetemeka na hatua zake zilikuwa fupi. Leseni yake ya zamani ilimruhusu kuendesha gari la hadi tani saba na nusu, tofauti na vijana wa leo ambao leseni ya kawaida huwafikisha kwenye tani tatu na nusu tu, lakini alikuwa ameacha usukani kwa hiari yake. Sasa mke ndiye aliyekuwa dereva. Mume alikalia kiti cha pembeni, ramani ya karatasi magotini, akimsomea njia.

Gari-nyumba lenyewe, kwa asiyewahi kuliona, ni gari lenye umbo la matatu kubwa, na ndani yake mna kitanda, jiko, meza, msala na tangi la maji. Mimi nililala kwenye kitanda kilicho juu ya dereva, pua ikikaribia kugusa dari. Msidhani ni maisha ya anasa. Kila kitu hupimwa. Sahani ni tatu, maji ya kuoga ni ya dakika mbili, na kila baada ya siku mbili tatu mtu hushuka na kumwaga maji machafu mahali palipotengwa. Mitungi miwili ya gesi ya kilo 11 ilipaswa kututosha hadi mbali, kwani mtungi wa Kijerumani haubadilishwi Uhispania.

Tuliingia Ufaransa, tukapita Lyon, tukalifuata bonde la mto Rhône kwa barabara ambayo Wafaransa wenyewe wameiita Barabara Kuu ya Jua. Wenyeji wangu walinifundisha kwamba safari ya uzeeni haina haraka. Hatukuzidi saa nne kwa siku barabarani. Jioni tulisimama penye magari mengine ya aina hiyo, na wazee wa Kiholanzi, Kiingereza na Kijerumani wakashuka na viti vyao vya kukunja, wakasalimiana kama watu wa kijiji kimoja. Nilimwita mwenyeji wangu ‘Mzee’, naye alipouliza maana nikamweleza kuwa kwetu ni neno la heshima. Alicheka sana. Kwao, alisema, hilo ni neno ambalo mtu hulikimbia.

Tulipovuka mpaka wa Ufaransa na Uhispania hakuna aliyetusimamisha. Mimi, ambaye nilikuwa nimepanga foleni ya viza na kupeleka taarifa za benki na barua ya mwaliko, niliushika mkoba wangu kwa woga wa bure. Wao hawakujua hata walipoziweka pasipoti zao. Tena walikuwa na kadi ya bima ya afya inayowawezesha kutibiwa Uhispania wakiugua.

Siku ya tano nilishuhudia jambo lililonifunga mdomo. Binti yao, anayeishi Munich, alipiga simu kama alivyofanya kila jioni. Ndiyo, msomaji, kila jioni! Safari hii sauti yake ilikuwa kali. Alitaka warudi. Baba ni mgonjwa, alisema. Je, akianguka huko ugenini? Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu kwa utulivu: “Hata nyumbani watu hufa, binti yangu.” Alipoikata simu alikaa kimya kwa muda mrefu. Baadaye aliniambia kwamba kila Oktoba hujiuliza kama hiyo ndiyo safari ya mwisho, na kwamba swali hilo ndilo linalomfanya awashe injini.

Basi yako wapi yale majigambo yangu kwamba wazee hawa wametupwa? Nilichokiona ni watoto wanaogombana na wazazi kwa mapenzi, na wazazi wanaoukataa ulinzi unaofanana na kifungo.

Tulifika pwani ya Almería, mojawapo ya sehemu kavu na zenye jua jingi zaidi barani Ulaya, ambako jua huwaka karibu saa 3,000 kwa mwaka. Ujerumani hupata takriban nusu yake. Mzee alivua viatu, akaiweka miguu mchangani na kufumba macho. Siwezi kudai kwamba mikono iliacha kutetemeka. Lakini jioni ile alikula akamaliza, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke alimtania mkewe.

Hata hivyo, nisiifanye picha hii kuwa ya asali tupu. Nyuma ya ufuo ule nchi yote imefunikwa kwa plastiki nyeupe, makumi ya maelfu ya hekta za mabanda ya kukuzia nyanya na pilipili. Wanaochuma humo wengi ni vijana kutoka Moroko na Afrika Magharibi. Wazee wa kaskazini hushuka kulifuata jua. Vijana wa kusini hupanda kuifuata kazi. Wote hukutana ufuoni pale na aghalabu hawasemezani. Baadaye tulifika Tarifa, ambapo Afrika huonekana kwa macho ng'ambo ya mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 14 hivi. Gari-nyumba hupakiwa kwenye feri na kufika Moroko kabla chai haijapoa. Kijana wa upande wa pili huipita njia hiyo hiyo usiku, kwa mashua, na wengine hawafiki. Jua ni la wote, lakini njia ya kulifuata si ya wote.

Mimi nilirudi kwa ndege, nikawaacha wao kusini. Ndani ya ndege niliwakumbuka wazazi wangu, na hapa ndipo hasa nilipotaka kufika.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Kinangop, ambako Julai umande huganda na kuchoma viazi. Mama ana maradhi ya viungo, na kila kipupwe magoti humfunga kitandani. Baba alikuwa amemwahidi kwamba akilipwa kiinua mgongo wangekwenda Mombasa, wakae mwezi mzima, magoti yale yaote jua na mama aione bahari. Alistaafu akiwa na miaka 55, kama ilivyokuwa kabla ya umri huo kupandishwa hadi 60 mwaka 2009. Kisha faili lake likaanza safari ndefu kuliko ya wenyeji wangu. Kwa miaka mitatu alipanda matatu kwenda Nairobi, akaambiwa na ofisi moja, ambayo sitaitaja, arudi wiki ijayo. Ngojangoja huumiza matumbo. Fedha zilitoka miezi minne baada ya kumzika. Ahadi ni deni, na deni lile nililirithi mimi, msomi mwenye mshahara, nikakaa nalo miaka chungu nzima nikisema nina shughuli.

Sisi ndio tunaosema Wazungu huwatupa wazee! Tumewatunza wetu kwa kuwaweka mahali pamoja kama sanduku la nguo za sikukuu. Hatuwaulizi wanatamani kuona nini. Msaada wa Sh2,000 kwa mwezi ambao serikali iliwapanulia waliotimu miaka 70 mwaka 2018 ni wa unga na dawa, si wa nauli.

Wala kusafiri kwa majira si jambo la kigeni kwetu. Majina yetu ya pande za dunia, kaskazini na kusini, yamefungamana na pepo za kaskazi na kusi, zilizowaleta mabaharia wa Uarabuni na Ghuba hadi Lamu, Mombasa na Zanzibar na kuwarudisha makwao. Watu wa pwani walijua kwamba kila upepo una safari yake.

Pendekezo langu si kwamba kila mstaafu anunue gari-nyumba. Barabara zetu zingelivunja kabla ya Mtito Andei. Lakini Uhispania, tangu mwaka 1985, ina mpango wa serikali wa Imserso unaowapeleka wazee kwenye hoteli za pwani kwa bei nafuu katika miezi isiyo na watalii, ili wazee wapate jua na wahudumu wa hoteli wasipoteze kazi. Pwani yetu nayo hupwaya kila mwaka mvua za masika zinapoanza na watalii kuondoka. Vyumba vipo, reli ipo, wazee wa nyanda za baridi wapo. Kinachokosekana ni wa kuviunganisha vitatu hivyo, na ofisi itakayomlipa mstaafu haki yake angali ana miguu ya kutembelea.

Julai 2019 nilimpandisha mama gari moshi la kwenda Mombasa. Alikuwa na miaka 71. Alikaa ufuoni siku sita, shuka magotini, akiyatazama maji. Siku ya pili aliniuliza, “Mwanangu, hii ndiyo baba yako aliyoisema?” Nikamjibu kwamba ndiyo hiyo. Akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimsogeze karibu zaidi na maji.