Homa Ambazo Hazikudhaniwa

Kwa miaka mingi, mgonjwa aliyefikishwa na homa kali katika hospitali za kaskazini mwa Tanzania alihesabiwa kuwa ana malaria hadi ithibitike vinginevyo, na mara nyingi uthibitisho huo haukutafutwa. Desturi hiyo haikuzuka bure, kwa kuwa malaria huua upesi, na tabibu aliyesita kuitibu alionekana kucheza na uhai wa mtu. Hata hivyo, mji wa Moshi uko takribani mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya Wachagga viko juu zaidi, mahali ambapo ubaridi huchelewesha ukuaji wa kimelea ndani ya mbu. Maambukizi hupatikana zaidi bondeni.

Mwaka 2004, Hugh Reyburn na wenzake walichapisha katika jarida la BMJ utafiti uliofanywa katika hospitali 10 za kaskazini mashariki mwa nchi. Kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa na kutibiwa malaria kali, ni 2,062 tu, yaani chini ya nusu, waliokutwa na vimelea damu yao ilipochunguzwa upya kwa hadubini. Takwimu nzito zaidi ilihusu vifo: waliokuwa na vimelea walikufa kwa kiwango cha karibu asilimia 7, ilhali wasiokuwa navyo walikufa kwa kiwango cha asilimia 12, maana yake ni kwamba walioandikiwa ugonjwa ambao hawakuwa nao ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi.

Basi walikuwa wakiugua nini? Jibu lilianza kupatikana katika wodi za hospitali za KCMC na Mawenzi mjini Moshi, ambako John Crump na wenzake, katika ushirikiano wa KCMC na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, walifuatilia watoto na watu wazima 870 waliolazwa kwa homa kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2013 yalionyesha kuwa 528 kati yao walidhaniwa kuwa na malaria, lakini malaria ndiyo iliyowalaza kweli wagonjwa 14 tu. Wengine walikuwa na bakteria au fangasi ndani ya damu, na 55 walikuwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Miongoni mwa wale ambao vipimo vyao viliweza kukamilika, 118, zaidi kidogo ya robo, walikuwa na maradhi ya bakteria ambayo binadamu huyapata kutoka kwa wanyama.

Kundi hili la mwisho linastahili kutazamwa kwa makini. Wagonjwa 40 walikuwa na leptospirosisi, ambayo Watanzania wengi waliijua kwa jina la homa ya mgunda baada ya mlipuko wa Ruangwa mwaka 2022, na ambayo huenezwa na mkojo wa panya na mifugo. 36 walikuwa na homa za riketsia zinazoletwa hasa na kupe. 24 walikuwa na homa ya Q, ambayo bakteria wake hujaa katika kondo la nyuma la mbuzi, kondoo na ng'ombe wanaozaa, kisha mtu akawavuta pamoja na vumbi. Na 16 walikuwa na bruselosi, inayopatikana kwa maziwa yasiyochemshwa au kwa kuzalisha mnyama mwenye ugonjwa. Kwa mtu anayekijua kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachagga, ambamo ng'ombe hufungwa zizini hatua chache kutoka jikoni na samadi yake huchukuliwa kwa mikono hadi migombani, orodha hiyo haishangazi hata kidogo. La kushangaza ni kwamba hakuna hata mgonjwa mmoja ambaye maradhi haya, au chikungunya, yaliandikwa katika faili lake miongoni mwa magonjwa yaliyodhaniwa siku alipolazwa.

Hapa ndipo tiba ya magonjwa ya ndani inapolazimika kujichunguza yenyewe. Madaktari waliowalaza wagonjwa hao walifundishwa bruselosi chuoni. Kilichowafunga ni kwamba daktari hufikiria zaidi kile ambacho maabara yake inaweza kukionyesha, na kisichopimwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa husahaulika. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoelekeza mwaka 2010 kwamba kila anayeshukiwa kuwa na malaria apimwe kwanza, kipimo cha haraka kimepunguza kosa la zamani, lakini jibu la "hakuna malaria" halitaji kilichopo. Mara nyingi pengo hilo hujazwa na taifodi au U.T.I. kwa ushahidi hafifu, kisha mgonjwa hupewa seftriaksoni, dawa nzuri kwa bakteria wengi lakini isiyofaa kwa riketsia wala kwa bakteria wa homa ya Q, ambao hujificha ndani ya seli na hutibiwa kwa doksisaiklini, dawa ya siku nyingi na ya bei nafuu.

Hata uthibitisho wenyewe una ugumu wake. Maradhi mengi ya kundi hili hutambuliwa kwa kulinganisha kingamwili, yaani protini za kinga ya mwili, katika damu ya siku ya kulazwa na damu inayochukuliwa wiki nne hadi sita baadaye, wakati ambapo mgonjwa amekwisha kupona au kuzikwa. Kipimo hicho humfaa mtafiti. Anayesimama kando ya kitanda usiku huo hubaki na maswali yake tu: kama kuna mnyama aliyezaa au kutupa mimba nyumbani, kama maziwa huchemshwa, kama shambani kuna panya. Ofisa mifugo wa kata huenda anayo majibu ya swali la kwanza, lakini taarifa zake hupelekwa kwenye wizara nyingine.