Kigango Si Pambo la Ukutani

Ukisikia neno kigango huenda utafikiria kwanza kanisa dogo la parokia, lile ambalo Padre hufika mara moja moja. Hapa tunasema juu ya kigango kingine, kile cha Wagiriama wa Pwani.

Huu ni ubao mrefu wa mti mgumu usioliwa upesi na mchwa, unaosimikwa kwa ajili ya mzee aliyefariki akiwa mwanachama wa Gohu. Asiyekuwa wa chama hicho huwekewa koma, kijiti kifupi kisicho na mapambo mengi. Kichwa cha kigango mara nyingi ni cha mviringo, na mwili umechongwa pembetatu ndogo ndogo na kutiwa rangi. Hakifanani na marehemu kama picha ya studio, lakini mjukuu akikitazama ajua babu yake alikuwa mtu wa cheo gani. Kikishasimikwa hakihamishwi. Jamaa wakihamia shamba jipya wanakiacha pale pale, na hapo ndipo mwizi anapata nafasi.

Mwaka 1985 mtaalamu wa mila kutoka Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilionekana Marekani, kimoja Illinois na kingine Virginia, vyote katika makumbusho ya vyuo vikuu. Ile picha ndiyo ikawa ushahidi, vikarudishwa kwa jamaa mwaka 2007. Mzee mwenyewe alikuwa ameshakufa. Mwaka 2019 makumbusho ya Denver yalirudisha vingine 30.

Sasa tuulizane, nani huving'oa? Mara nyingi ni kijana wa hapa hapa, hana kazi, apewa pesa kidogo tu na mnunuzi wa vinyago, na huko ng'ambo kinauzwa maelfu ya dola. Na kijana aliyezoea kusikia Wakristo wakikiita sanamu ya shetani, ataona ubaya gani kukiuza?

Vikundi vya vijana vinaweza kuanza na jambo dogo. Waombeni wazee ruhusa, mpige picha kila kigango, hata kwa simu. Picha zichapishwe kwenye karatasi, maana simu hupotea. Nyuma yake andikeni jina la marehemu, ukoo wake, na jina la mchongaji akijulikana. Nakala moja ibaki na jamaa, nyingine ipelekwe Makumbusho ya Taifa pale Fort Jesus.