Mozart na Dakika 45: Somo kwa Kwaya Zetu



Jumapili katikati ya jiji la Dar es Salaam Misa hufuatana. Wa kwanza wakitoka, wa pili wako mlangoni, na wamo wanaowahi kufungua maduka Kariakoo. Ndipo ubishi huzuka: waamini husema kwaya inachelewesha Misa, wanakwaya husema wimbo mzuri haukatwi. Watunzi wakubwa wa kipindi cha klasiki, takribani 1750 hadi 1820, waliukuta ubishi huu huu.

Mwaka 1776 Mozart, kijana wa miaka 20, alilalamika katika barua kwa Padre Martini wa Bologna. Chini ya Askofu Mkuu Colloredo wa Salzburg, hata Misa ya sherehe, pamoja na tarumbeta na ngoma zake, haikuruhusiwa kuzidi robo tatu ya saa.

Joseph Haydn, mtoto wa fundi wa magurudumu aliyelelewa katika kwaya ya Kanisa Kuu la Mt. Stefano, Vienna, alikuwa na njia yake ya kuokoa muda. Katika Misa fupi aliyoitunga takribani 1775 kwa heshima ya Mt. Yohane wa Mungu, maneno ya Utukufu aligawia sauti nne: kila sauti inaimba sehemu yake, zote kwa wakati mmoja. Muda ukapatikana, lakini msikilizaji hawezi kufuata maneno.

Juni 1791, miezi michache kabla ya kufa, Mozart alitunga Ave Verum Corpus kwa ajili ya Anton Stoll, kiongozi wa kwaya mjini Baden, karibu na Vienna. Huimbwa kwa takribani dakika tatu. Kwa sehemu kubwa sauti nne zinatembea pamoja, na maneno yanasikika. Ufupi haukuupunguzia uzuri.

Aristotle anafundisha kwamba kila ufundi hulenga jema fulani. Je, wimbo wa Misa unalenga nini? Mt. Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alijiona ana kosa kila alipoguswa na uimbaji kuliko yale yanayoimbwa. Nao Mtaguso wa Pili wa Vatikano (Hati ya Liturujia, 1963, namba 112) unasema muziki huwa mtakatifu zaidi kadiri unavyoungana na tendo la liturujia.

Kwa hiyo swali la kwanza si dakika ngapi, bali wimbo unatumikia tendo gani. Wimbo wa matoleo husindikiza maandamano: mstari ukiwa mrefu, beti ziongezwe, padre akishakuwa tayari, kwaya imalizie. Utukufu ni tendo lenyewe, hausindikizi lingine. Hapo tusikimbize maneno, wala tusiyarudierudie ili kuonyesha sauti. Kiongozi wa kwaya, kabla ya kuchagua wimbo, jiulize: ukiisha, waamini watakumbuka maneno, au watakumbuka kwaya?