Stage Fright: Kosa Halikuwa Uongo

Alfred Hitchcock alijilaumu hadharani kuhusu Stage Fright, filamu yake ya mwaka 1950. Alimwambia mwongozaji mwenzake wa Ufaransa, François Truffaut, kwamba hakupaswa kutia humo kisengere nyuma cha uongo. Mwanzoni kabisa, Jonathan Cooper anawatoroka polisi ndani ya gari la Eve, msichana anayempenda, huku akimsimulia jinsi mwigizaji Charlotte alivyomjia na gauni lenye damu baada ya kumuua mumewe. Anayoyasimulia tunayaona kwa macho. Mwishoni (asiyetaka kujua aruke sentensi hii) tunabaini kuwa aliyeua ni Jonathan mwenyewe.

Wanaolalamika husema mhusika ana ruhusa ya kudanganya, kamera haina. Lakini kamera iliahidi lini? Filamu inafunguka kwa pazia la usalama la ukumbi wa maigizo likipanda taratibu na kuifichua London. Onyo gani tena tulihitaji? Isitoshe, msimulizi ni mtuhumiwa, mtu mwenye kila sababu ya kujitetea. Baba yake Eve analikagua gauni na kuona damu imepakwa makusudi, na papo hapo Jonathan analitupa motoni. Dokezo lilikuwa mbele yetu. Ni kweli kwamba Rashomon ya Akira Kurosawa, ya mwaka huohuo, huwapa watazamaji shuhuda kadhaa zinazopingana, hivyo wanajihadhari, ilhali Hitchcock anatoa ushuhuda mmoja tu. Ila kisa cha upelelezi kinachomtahadharisha mtu mapema kiasi hicho kingebaki na fumbo gani?

Udhaifu wenyewe, kwa maoni yangu, uko kwa Eve. Anajifanya mtumishi nyumbani kwa Charlotte ili amwokoe Jonathan, lakini moyo wake unahamia upesi kwa mpelelezi Smith, naye Jonathan anakaa mafichoni muda mrefu hata tunamsahau. Marlene Dietrich, akiwa Charlotte, anavutia kiasi kwamba kila asipokuwepo filamu inapoa. Kwa hiyo uongo unapofichuka, hakuna anayevunjika moyo. Hofu inakuja pale tu Eve na Jonathan wanapojibanza gizani chini ya jukwaa, mwanga ukiwamulika machoni, naye Eve anatambua amejificha na nani. Tukio hilo ni la hali ya juu, lakini filamu imebakiza dakika chache tu.