Sayansi ya Kauri (3): Vitundu Si Aibu ya Mfinyanzi

Tangu Tanzania itangaze mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, majiko yamerudi midomoni mwa watu, pamoja na lawama kongwe: udongo wa ndani ya jiko banifu una vitundu, basi ni duni. Kwamba vitundu hupunguza ukakamavu, yaani uwezo wa udongo kukataa kunyumbuka, sibishi. Nabisha hukumu.

Mwaka 1950 J. K. Mackenzie alikokotoa athari ya vitundu vya mviringo. Mwaka 1956 Robert Coble na W. D. Kingery wakapima kauri ya alumina yenye vitundu hadi nusu ya ujazo wake, na vipimo vikakaribiana na hesabu: vitundu asilimia 10 huondoa takribani asilimia 18 ya ukakamavu, asilimia 20 huondoa theluthi, na vikifika nusu hubaki robo na ushei. Hewa haibebi mzigo, hivyo kuta za jirani huubeba na kunyumbuka zaidi. Umbo nalo lina neno: kitundu bapa kilichoukingama mzigo hudhuru kuliko cha mviringo chenye ujazo uleule. Baadaye Coble, akiwa kampuni ya General Electric, alitia magnesia kidogo, vitundu vikatoweka, ikapatikana alumina inayopenyeza mwanga, ile ya taa za sodiamu za barabarani. Tunamsifu, na anastahili. Ila mfinyanzi anayechanganya pumba za mpunga ili ziungue na kuacha vitundu tunamwita mjinga, ilhali naye anavitawala vilevile.

Jiko huwa na moto ndani na ubaridi nje. Mkazo unaozaliwa hulingana na tofauti ya joto, kutanuka kwa udongo na ukakamavu wake. Ukakamavu ukipungua, mkazo hupungua, na hewa iliyomo huzuia joto lisipotee. Mtu atasema nguvu nayo hushuka. Kweli, na vitundu vikizidi udongo humeguka. Ndiyo maana jiko la Kenya la miaka ya 1980 lilivishwa bati, likinge vishindo. Wengine watasema gesi inakuja. Ije, watakaobaki na mkaa kwa sasa nao wanahitaji jiko lisilopasuka. Wakaguzi basi waache kugonga udongo na kusikiliza mlio, maana mlio hufuata ukakamavu. Wawashe moto jikoni, waupoze udongo, warudie, ndipo watoe hukumu.