Mungu Akinyamaza

Katika kutembelea vikundi, kuna swali tunaloulizwa kwa sauti ya chini, mkutano ukishakwisha: "Mbona Mungu ameniacha?" Anayeuliza pengine amezika mtoto, au mvua imekosa msimu wa pili na ng'ombe wamekwisha. Baadaye haonekani tena mkutanoni. Wengine husema ana imani haba. Je, ni kweli?

Tumwangalie Mama Teresa wa Calcutta, India. Alianza kuhudumia maskini wa mitaa ya mabanda mwaka wa 1948. Barua alizowaandikia mapadre waliomwongoza zilichapishwa mwaka wa 2007. Zilionyesha kwamba tangu siku hizo alisali bila kuhisi Mungu yuko karibu. Giza hilo lilidumu karibu miaka 50, mpaka alipofariki mwaka wa 1997, isipokuwa kwa muda mfupi tu. Hata hivyo hakuacha sala wala wagonjwa wake. Mwaka wa 2016 Kanisa lilimtangaza mtakatifu.

Kwa hivyo kuhisi umeachwa si sawa na kuachwa, wala si dalili ya dhambi. Yesu mwenyewe alilia hivyo msalabani (Marko 15:34), kwa maneno ya Zaburi ya 22. Anayemlalamikia Mungu bado anaongea naye.

Kikundi kifanye nini? Rafiki watatu wa Ayubu walikaa naye siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno (Ayubu 2:13). Hapo walifanya vyema. Waliharibu walipofungua mdomo na kumwambia anateseka kwa makosa yake. Basi:

1. Mtembeleeni wawili wawili. Msihubiri, sikilizeni. Akilia, mwacheni alie.

2. Saidieni kwa mikono: mtungi wa maji, mzigo wa kuni, kupalilia shamba. Zamu yake ya kupokea mchango isirukwe.

3. Asipoweza kusali, salini kwa niaba yake, bila kumlazimisha.

4. Kama halali, hali chakula, au anasema heri kufa, msimwache peke yake. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo. Huenda ni ugonjwa, na unatibika. Kwenda hospitali si kukosa imani.

Swali la kujadili: Katika kikundi chetu, ni nani hajaonekana mikutano miwili iliyopita? Nani ataenda kwake wiki hii?